Mshenga wa Gemu Asizozijua

Usiku wa jana Hidaya Mhina aliota amekuwa mshenga, na hakuona ajabu yoyote. Amevaa kanga mpya, amebeba sinia kichwani, na juu ya sinia, chini ya kawa, kuna gemu inayopelekwa kwa wachumba.

Kabla hajafika huko anakokwenda, heri tumjue akiwa macho. Hidaya ni mtangazaji wa redio moja ndogo ya Tanga, na kila Jumamosi asubuhi ana kipindi cha kuwachagulia watu gemu. Si zile kubwa za mpira na bunduki ambazo kila kibanda kinazo. Ni hizi ndogo ndogo, ambazo mtu mmoja au wawili wamejifungia chumbani wakazitengeneza bila kampuni na bila matangazo. Msikilizaji hupiga simu, hueleza yeye ni mtu wa namna gani, na Hidaya humtajia gemu inayomfaa. Sauti yake ni tamu mno. Angekutajia sumu ya panya ungemuuliza inauzwa duka gani.

Ana kasoro moja tu, na hakuna aliyeijua. Gemu zenyewe hachezi. Hutazama picha ya mbele, husoma mistari miwili mitatu iliyoandikwa chini yake, basi, ameshaelewa.

Hivyo hivyo ndivyo alivyomfanyia hata shangazi yake. Shangazi Mwanaheri ndiye aliyemlea tangu yuko darasa la kwanza. Mwaka jana alifiwa na mumewe, Mzee Semboja, baada ya kumuuguza kwa muda mrefu, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba alimwomba Hidaya amtafutie kitu cha kumshughulisha alasiri kwenye simu. Hidaya akaona picha ya mama mmoja akimwagilia mrehani uani, akaiweka gemu hiyo kwenye simu ya shangazi, akamwambia ni ya kupumzisha akili.

Tangu hapo shangazi hapokei simu yake. Inaita mpaka inakata. Hidaya akaulizia kwa majirani, akaambiwa ni mzima, anakwenda sokoni, anasali, na simu za watu wengine anapokea. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha, maana huyo ndiye mama aliyebaki naye duniani.

Sasa turudi kwenye sinia.

"Umewaambia nini kuhusu mimi?" gemu inauliza kutoka chini ya kawa.

"Nimewaambia una mwendo mkali," Hidaya anajibu.

"Mimi?"

"Una treni kwenye picha."

Gemu ikaeleza kwa upole kwamba treni ile haifiki. Hiyo ndiyo habari yake yote: mtu anakaa stesheni, anaisubiri. Hidaya akaikandamiza kawa vizuri ili sauti isitoke nje, akaendelea na safari.

Posa ilikuwa inapelekwa kwa Bwana Singano, fundi baiskeli wa Muheza, ambaye aliwahi kupiga simu redioni akasema hapendi kitu kinachochelewa. Ni kweli hapendi. Alifungua mlango kabla ya hodi, na chai aliyowakaribishia wageni alikuwa ameshaimaliza kabla haijamiminwa. Wazee wake wamekaa mkekani, wanawake wa ukoo wamesimama nyuma karibu na mlango.

Mzee mmoja akauliza yale yanayoulizwa siku zote katika shughuli kama ile. Mchumba ana tabia gani? Ni mvumilivu? Na mshenga amekaa naye muda gani hata aje kumsemea mbele za watu? Hidaya akatoa ile sauti yake ya redioni, akasema wanajuana nje ndani, mchumba ni mzuri kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Nyuma yake wanawake wakacheka chinichini.

Hidaya akageuka kuwauliza wanacheka nini. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba wanasoma kanga yake, ni nzuri, wapi ameipata. Akaivuta mbele aone. Hapakuwa na neno hata moja. Akaiachia, wakacheka tena, na safari hii mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya msomaji taarifa ya habari, akayasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa mgongoni:

"HAJAICHEZA HUYU."

Hidaya akaizungusha kanga mara hii, mara ile. Kila akiileta mbele maandishi yanahamia nyuma. Ukiona mshenga anajizungusha katikati ya sebule ya watu kama kuku aliyefungwa mguu, ujue posa imeharibika. Lakini wazee wale walikuwa wastaarabu, wakaipokea gemu hivyo hivyo.

Sebule ikawa stesheni.

Bwana Singano amekaa kwenye benchi, ndevu zimefika magotini, miguu inachezacheza kwa haraka isiyo na pa kwenda. Anamwambia Hidaya kwamba aliacha baiskeli ya mteja imepinduliwa pale kibandani kwake, gurudumu halijafungwa, akidhani treni ikija atawahi kurudi. Hidaya anampa pole. Singano anasema asante, kisha anamuuliza kama treni ikipitia redioni anaweza kuitangazia kwamba yuko hapa. Hidaya anaahidi. Anajisikia vibaya hata anashindwa kumtazama usoni, anatazama ndevu.

Kwa watu wa kwetu, ndoa ikipata mushkeli, wa kwanza kuitwa ni mshenga. Aliyesimama akamsifu mchumba ndiye anayewekwa kitako aeleze aliona nini hata akasifu. Kwa hiyo mkeka ukatandikwa hapo hapo kando ya reli. Upande mmoja wakakaa wachezaji, upande wa pili gemu, na wale wanawake wakajipanga nyuma, mahali pazuri pa kusomea.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa pedi ya kuchezea gemu, imevaa kofia iliyodariziwa, vitufe vyake vimefifia kwa vidole vya watu. Ilimuuliza Hidaya anachaguaje.

"Namsikiliza mtu, namuelewa, ndipo namtajia," akasema.

"Mtu umemuelewa. Na gemu?"

"Namsikiliza mtu," Hidaya akarudia.

Pedi ikaanza kutetemeka, kama pedi zinavyotetemeka mkononi gari la kwenye gemu likigonga ukuta. Ikatetemeka mpaka ikaanguka kutoka kitini, ikabidi watu wawili waiinue na kuivalisha kofia upya. Ilipotulia ikasema aletwe mlalamikaji anayefuata.

Akaingia shangazi Mwanaheri.

Hidaya alitamani mkeka ummeze. Alijua shangazi anakuja kumshtaki. Amemlisha mjane kitu asichokijua, na sasa mjane anakuja kusema alichokikuta humo. Lakini shangazi alikaa, akakunja miguu, akasema hana malalamiko. Amekuja kumshukuru mshenga wake.

Akaeleza taratibu, mbele ya wote. Tangu mazishi, watu wanaokuja nyumbani wanazungumza habari za mvua na mkaa, na yeye akimtaja Mzee Semboja wanageuza mazungumzo haraka, kwa wema tu, asije akalia. Ndipo akaanza kucheza ile gemu. Mwanzo ni bustani. Katikati, mume wa yule mama wa mrehani anaanza kuugua, na mchezaji anaacha kumwagilia, anaingia ndani kuuguza. Anakoroga uji. Anamgeuza mgonjwa asipate vidonda. Anafua mashuka usiku.

"Nikasema mtoto huyu kanielewa," shangazi akasema. "Wote walimtoa mume wangu nyumbani. Wewe ukamrudisha. Simu yako siipokei kwa sababu nataka kwanza nifike mwisho, nizungumze na wewe tukiwa tumefika pamoja."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Hata mtoto mdogo angeona kwamba hapo ndipo mahali pa kusema. Hidaya akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akajibu, "Aa, shangazi, si kitu."

Nyuma wanawake walikuwa wanasoma, midomo inacheza.

"Basi niambie," shangazi akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesubiri kwa hamu kumpata wa kuzungumza naye. "Ulipofika kile chumba cha mwisho, mzee alipoomba afunguliwe dirisha, wewe ulifanyaje?"

Stesheni ikawa chumba. Kuna kitanda, na kitandani amelala mwanamume ameelekea ukutani. Kuna kikombe cha uji kilichofunikwa kisahani. Kuna dirisha dogo lenye pazia la kitambaa cha shuka kuukuu. Chini ya dirisha, debe la kumwagilia maua limewekwa sakafuni, na debe hilo ndilo gemu yenyewe.

"Karibu," debe likasema. "Wewe ndiye mshenga wangu? Hatujawahi kuonana."

"Samahani," Hidaya akasema.

"Usijali. Nilitengenezwa na mwanamke mmoja peke yake, juu ya meza ile ile aliyokuwa akimkorogea mumewe uji. Kaa, upumzike."

Lingemfokea angepata pa kushika. Halikumfokea. Likamwachia nafasi akae, na ustaarabu huo ukamwunguza kuliko mtetemeko wote wa pedi. Na shangazi bado yuko pale mlangoni anangoja jibu.

"Nilifungua, shangazi," Hidaya akasema kwa sauti ya Jumamosi asubuhi. "Nilifungua dirisha, upepo ukaingia, akafurahi sana."

Miguu ya Bwana Singano ikaacha kuchezacheza. Shangazi alimtazama kwa muda, na ile hamu ikatoka usoni mwake polepole, ikabaki sura ya kawaida tu ya mtu mzima aliyechoka. Akasogea karibu kabisa na kumwambia sikioni, asisikie mwingine:

"Lile dirisha halifunguki, mwanangu."

Kisha akazunguka nyuma yake. Akasimama pale, kifua chake mgongoni kwa Hidaya, mikono mabegani, akayafunika maandishi ya kanga yote wanawake wasione kitu. Akawatangazia wenye kikao kwamba mshenga wake amejibu vizuri, wamwache aende zake.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejua kwamba jibu lilikuwa la uongo. Na Hidaya, ambaye maisha yake yote aliogopa kuaibika mbele za watu, aliona aibu pale ambapo watu hawakuona lolote, kwa sababu ya mikono miwili ya mama yule inayomsitiri. Alitaka kupiga kelele kwamba kanga ile isomwe. Sauti haikutoka. Akaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka na mto wake umelowa. Alikaa kitandani akijiambia yale ambayo sote tunajiambia: ndoto hizo, tumbo hilo, jana usiku ulikula maharage ukalala. Shangazi hajasema kitu, hakuna dirisha, hakuna mgonjwa. Gemu ya mrehani ni gemu ya mrehani. Lakini alikuwa anajiambia hayo huku anawasha kompyuta, uso haujanawa, akaitafuta gemu ile, akaipakua, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kipindi chake, akakaa kucheza.

Mwanzo ilikuwa bustani kweli, na inapumzisha akili kweli. Akamwagilia, akapalilia. Mume wa yule mama amekaa kwenye kigoda uani, anatania. Hidaya alianza kutulia. Kisha mzee wa kwenye kigoda akakohoa.

Hakunywa chai. Jirani alipiga hodi akachoka, akaondoka. Uji wa humo unakorogwa kwa kubonyeza polepole, ukiharakisha unamwagika na inabidi kuanza upya, na Hidaya aliumwaga, akaumwaga tena, mpaka akajifunza. Aligeuza mgonjwa. Alifua. Alimkumbuka shangazi wakati ule, jinsi alivyokuwa akijibu simu kwa pumzi fupi, "nitakupigia mwanangu, nina kazi kidogo," na yeye akikata na kuendelea na mambo yake. Adhuhuri ilimkuta analia bila kujificha.

Alasiri akafika kwenye chumba. Mzee amelala, ameelekea ukutani. Maneno yakatokea chini kwenye kioo: Nifungulie dirisha.

Hidaya akabonyeza. Kitasa kikalia, dirisha halikufunguka.

Akabonyeza tena. Jambo hilo hakulisoma popote. Halikuwemo kwenye picha wala kwenye ile mistari miwili mitatu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Akaendelea kubonyeza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachukua simu. Iliita sana. Alikuwa ameshajiandaa ikatike, ndipo ikapokelewa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Niko chumba cha mwisho. Dirisha halifunguki."

Shangazi akauliza kwa sauti ndogo, "Uko hapo leo?"

"Leo, shangazi. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Sikuwahi kuicheza."

"Mimi nilidhani ulijua, nikashindwa kuipokea simu yako."

"Sikujua. Niliona picha ya mrehani."

Masikio yalimwaka moto. Alisubiri simu ikatwe, na kama ingekatwa asingelaumu. Alisikia shangazi akivuta kiti, akikaa, akishusha pumzi.

"Bado unabonyeza?"

"Ndiyo."

"Acha. Mimi nilibonyeza mpaka kidole kikaniuma. Weka mkono chini ukae naye tu, atageuka mwenyewe."

Hidaya akaondoa kidole. Shangazi hakusema zaidi, wala hakukata simu. Wakakaa hivyo wote wawili, wakimngoja mzee ageuke.