Uzio wa Diplome

Watu wawili watatu hapa Kasongo wameniuliza kama uzio wa umeme wa kuzuia mbwa unafaa kununuliwa. Nawajibu kwa maandishi, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo wanacheka kabla sijamaliza.

Mbwa wangu anaitwa Diplome, yaani cheti. Nilimpata mwaka niliohitimu shule ya jioni, nikiwa tayari nina wajukuu. Tangu mwaka huo napenda kuitwa Maître, kama walimu. Diplome alizoea kutoka kwenye mwanya wa ua wetu, ambao ndio mlango wetu pia, na kukamata bata wa jirani, Mama Euphrasie. Mara ya mwisho mama huyo alikuja na chefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu.

"Maître, Diplome yako ikikula tena bata yangu, naipatia wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila," alisema. "Kule wataipika na pilipili."

Chefu alikubali. Mimi sikulala vizuri.

Ndipo mfanyabiashara Musafiri akaniuzia dawa yake kwa bei ya kutupa. Waya unafukiwa kuzunguka parseli, yaani kiwanja chote, na kuunganishwa na kisanduku cha betri. Mbwa anavaa kolie, ukanda wa shingoni wenye meno mawili ya chuma, na akikaribia waya meno yanampiga umeme. Mke wangu, Marcelline, alitaka tumwite fundi wa redio. Nilimwambia maelezo yako kwa Kifaransa, na Kifaransa kipo humu nyumbani.

Nikafukia, nikaunganisha, nikamvisha Diplome. Akavuka waya bila hata kujikuna, akielekea kwa bata. Nilimkimbilia na kumrudisha kwa mkia.

Nikaichukua tena karatasi, imekunjwa vilevile kama ilivyotoka sandukuni, nikaisoma kwa sauti ili na Mama Euphrasie asikie ng'ambo ya ua: "Le maître vérifie au cou." Nikawatafsiria: Maître ahakikishe shingoni. Nilifurahi kuona watu wa kiwanda wana adabu, wanajua kumwita mtu kwa cheo chake. Nikamvua Diplome kolie, nikaivaa mimi, nikaikaza, nikaenda kwenye mwanya nimetanua kifua.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kofia yangu ikiwa kwa Mama Euphrasie na mimi nikiwa kwetu, chini. Mtu aliyesoma hatosheki na jaribio moja, kwa hiyo niliinuka nikarudia.

Safari hii karatasi ilianguka nami, ikakunjuka mbele ya macho yangu. Sentensi haikuwa imeisha. Chini ya mkunjo yalikuwapo maneno mawili: "du chien." Ya mbwa. Maître aliyetajwa hakuwa msomi, alikuwa mwenye mbwa yeyote, na alitakiwa kuangalia kama kolie imeshika shingo ya mbwa wake. Kwa Diplome ilikuwa inaning'inia kama mkufu.

Sikupata haja ya kumkazia. Diplome alikuwa ameona yote, na tangu siku hiyo hakaribii mwanya. Tatizo ni kwamba hataki na mimi niukaribie. Jumapili nikitoka kwenda kanisani, ananing'ata suruali na kunivuta nyuma, akilia.

Mama Euphrasie alitazama vuta nikuvute hiyo mpaka akakaa chini kwa kucheka.

"Maître, uzio hii ni ya mbwa ao ya mwenye mbwa?" aliuliza, akipangusa machozi. "Basi, Diplome ibaki. Ya Salamabila tuiache."

Kwa hiyo wanaouliza wajue: kifaa kinafanya kazi. Mnunuzi aandae tu mzee wa kuanguka, na mke wa kumshika mbwa kila Jumapili.