Kisigino cha Nthiga

Kwa miaka kumi na moja Cicily alikuwa akitayarisha vipande vya nyama za wagonjwa katika maabara moja mjini Meru, na hakuwahi kuomba apewe kipande cha mtu fulani. Jumatano ile aliomba. Kilichokuwa ndani ya chupa kilitoka kwenye kisigino cha kaka yake, Nthiga, mkulima wa ndengu huko Ishiara.

Alikigandisha kwenye nta, akakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi. Kusoma majibu haikuwa kazi yake. Lakini daktari alikuwa hajafika, na hadubini ilikuwa pale mezani.

Seli za ngozi yenye afya hukaa zimeshikana, kila moja imeng'ang'ania jirani yake. Hizi zilikuwa zimeachana. Nyingine zilikuwa zimerefuka, zimejaa weusi, zinateremka mojamoja hadi chini kabisa, mahali ambapo hazikuwa na shughuli yoyote.

Daktari Ntinyari alipoingia alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni kaka yangu."

Daktari aliinua kichwa. "Kilianza kama kidonda?"

"Alama nyeusi tu. Muuza dawa mmoja kule nyumbani aliikwangua na wembe, akasema ni mwiba umeozea ndani. Kidonda kikakataa kupona."

"Na kile alichokwangua?"

"Alitupa."

Daktari Ntinyari alivua miwani. "Ni kansa, Cicily. Ile ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Nenda umuulize kuhusu kinena chake. Leo hii."

Nthiga alikuwa amefikia kwa Cicily, kule Kaaga. Alimkuta ameketi kibarazani, mguu uliofungwa bandeji ameuweka juu ya stuli, anasikiliza watoto wa shule ya jirani wakiimba.

"Kaka, kuna uvimbe wowote hapa juu ya paja?"

"Kuna mtoki. Uko tangu mwezi wa tatu."

"Na hukusema?"

"Si hauumi."

Cicily aliketi chini. Akamwambia alichokiona, bila kuzunguka. Nthiga alisikiliza kama alivyozoea kumsikiliza fundi aliyekuja kutengeneza pampu ya maji: alitaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi.

"Kitu kilikuwa kisiginoni," alisema. "Kimepandaje mpaka huku?"

"Seli zina protini inayozishikanisha, kama gundi. Hizi zako zimeacha kuitengeneza. Ikishaachilia wenzake, seli inabadilika umbo, inajifunza kutambaa. Chini yake kuna utando unaoizuia. Inatoa kemikali zinazouyeyusha utando huo, kidogo kidogo, mpaka ipate tundu. Halafu inaingia kwenye mishipa."

"Na mwili unaangalia tu?"

"Mwili unaua nyingi. Nyingi sana, kaka. Lakini kuna zinazojua kujificha. Zinajifunika na chembe za damu, zile za kugandisha, zinapita. Zikipata mahali pazuri zinatulia. Zingine zinalala miaka."

"Zangu zimefika wapi sasa?"

"Kwa mtoki, nafikiri. Kwingine hatujui."

Watoto walikuwa wamenyamaza. Nthiga aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemkaribisha nyumbani.

"Cicily, Krismasi ile nyingine, nikiosha miguu pale kwa tangi. Niliona ukikiangalia kisigino."

Cicily alikuwa amekiona. Doa dogo, kama punje ya ndengu iliyoungua. Alitaka kuuliza, kisha mtu akamwita jikoni, na jioni ile akarudi Meru.

"Wewe ndiye unajua mambo haya," Nthiga alisema, bila hasira. "Uliponyamaza, nikajua si kitu."

Cicily alitamani kaka yake amtukane. Nthiga hakumtukana. Alimwomba tu chai.

Walimpasua mwezi huohuo, wakaondoa nusu ya kisigino na tezi zote za kinena. Mbili kati ya hizo zilikuwa nyeusi tititi. Picha ya kifua ilitoka safi, na mkewe, Gladwell, akapiga magoti palepale kwenye korido akishukuru Mungu. Cicily alipiga magoti pia. Lakini Daktari Ntinyari alikuwa amemnong'oneza kwamba mashine haioni kikundi cha seli kilicho kidogo kuliko punje ya mchele. Kila alipoitazama picha ile, yale mapafu yasiyo na doa, aliona mahali pa kujificha.

Nthiga alirudi Ishiara, akapanda, akavuna akichechemea. Miezi tisa ikapita. Kisha Gladwell akapiga simu kuuliza ni dawa gani nzuri ya kikohozi kikavu.

Picha mpya ilikuwa na vivuli vitano vyeupe, vya mviringo.

"Ni zilezile za kisiginoni?" Nthiga aliuliza.

"Ni zilezile," alisema Daktari Ntinyari. "Zilikuwa hapo hata wakati ule tulipokwambia uko safi. Zilikuwa tu zimelala."

Alipelekwa Nairobi kwa dawa mara nne. Baada ya ile ya nne alisema inatosha, anataka nyumba yake. Cicily alichukua likizo, akateremka Ishiara kumuuguza pamoja na Gladwell.

Wiki ya pili, saa sita mchana, jua likiwaka juu ya mabati, alikuwa akimlisha uji. Nthiga alimkodolea macho, akatabasamu kama mtoto.

"Mama," alisema. Mama yao alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita. "Mbuzi zimeingia?"

Kijiko kilibaki hewani. Cicily alitazama lile paji la uso linalong'aa jasho, akajua zile seli zimefika ubongoni.

"Zimeingia," alimjibu. "Zote."