Shangwe Kabatini

Fundi alikuwa anatia ukosi kwenye shati la karani wa posta kabati lilipolipuka kwa kelele ya uwanja mzima. Hakusimamisha cherehani. Alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaenda kufungua milango yote miwili ili bawaba zisivunjike kama safari ile. Shangwe ikatoka, ikazunguka chumba, ikagonganisha vikombe, kisha ikarudi ndani na kutulia katikati ya nguo za wateja.

"Begi kafunga," Fundi alisema.

Karani, aliyekuwa amekaa kwenye stuli na fulana yake akisubiri shati, aliuliza kama goli ni la mguu au la kichwa. Fundi alitega sikio kidogo. La kichwa, alijibu. La mguu huwa na vumbi zaidi.

Begi alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na kazi yake ilikuwa kufunga magoli. Jina hilo alipewa na wachezaji wenzake kwa sababu popote alipopangiwa chumba, begi lake halikuwahi kufunguliwa zipu hadi mwisho. Alifungua nusu, akatoa mswaki na taulo, na kabla taulo halijakauka akasikia amehamishwa.

Wachezaji wana desturi yao. Ukiifunga timu uliyowahi kuichezea, hushangilii. Unainua mikono miwili, viganja mbele, kama mtu aliyeelekezewa bunduki, na mashabiki wa kule wanaelewa kwamba umewaomba radhi. Ni adabu nzuri kwa mtu aliyehama mara moja. Begi alihamishwa mpaka ligi ikamwishia. Ilifika mahali kila kipa aliyemfunga alikuwa amewahi kulala naye kambi moja, na kila goli likawa la kuombea radhi. Alifunga, akainua mikono, akarudi katikati ya uwanja kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

Watu jukwaani walipanua vinywa kumshangilia, lakini sauti haikutoka. Ilikuwa imeondoka. Mtangazaji wa redio alizoea kuwaeleza wasikilizaji kwamba mitambo iko salama, ni Begi amefunga, shangwe imekwenda kwao. Na kwao kulikuwa kwa Fundi, kwa kuwa wazazi walikwisha kutangulia, na dada ndiye aliyekuwa amebaki wa kupelekewa chochote.

Mwenye nyumba alikuja mara moja kuuliza kama Fundi ameongeza wapangaji. Fundi alimwonyesha kabati. Mwenye nyumba alichungulia, akasikiliza, akasema mradi hawatumii choo, yeye hana neno.

Tatizo lilikuwa nguo. Nguo ikikaa siku kadhaa katika kabati lile ilinyonya kelele, na haikutoka mpaka ifuliwe. Muuguzi wa zamu alichukua gwanda lake jipya, na alipoingia wodini uwanja mzima ukamshangilia, hata wagonjwa waliokuwa wamegeukia ukutani wakageuka kumtazama. Mwalimu aliyewahi kuzomewa na darasa zima alivaa suruali yake, akafundisha hesabu hadi kengele bila kukatizwa. Mjane mmoja alileta gauni lisilohitaji kushonwa popote, akaomba litundikwe tu hadi mwisho wa mwezi. Fundi hakumnyima mtu, ila kila mmoja alimwambia maneno yale yale: hii si yangu, ni ya mdogo wangu, vaa ukijua umeazimwa.

Kilichomkera ni kwamba Begi mwenyewe hakuwahi kuisikia shangwe yake. Kila Begi alipokuja kumsalimia, Fundi alimketisha kitandani na kufungua kabati. Sauti ya kwanza ikichomoza tu, mikono ya Begi ilipanda juu yenyewe, viganja mbele, na kabati likanyamaza kama msiba.

"Shusha mikono, wewe."

"Sijaipandisha, Dada. Imepanda."

Na kweli ilikuwa hivyo. Mikono ilianza tabia hiyo kwenye mechi yake ya kwanza dhidi ya klabu iliyomlea. Mashabiki wa klabu hiyo walikuwa wamechoma jezi yake kwa sababu Mwenyekiti wao aliwaambia waandishi kwamba kijana katoroka, kashikwa na tamaa. Begi hakuwa ametoroka. Alikuwa amelala hospitali kwa ajili ya goti, amechomwa sindano ya usingizi akiwa mchezaji wa klabu moja, na alipoamka shuka alilofunikwa lilikuwa na nembo ya klabu nyingine. Alimuuliza daktari kama goti limepona. Daktari alimjibu kwamba suala hilo aulizwe mwajiri wake mpya. Wenzake walimshauri ainue tu mikono, yaishe. Hayakwisha.

Sasa nywele za Begi zilikuwa zimeanza kurudi nyuma, goti lilikuwa linatabiri mvua kuliko redio, na mechi ya mwisho ya maisha yake ya uwanjani ilipangwa dhidi ya klabu ile ile ya Mwenyekiti yule yule. Alikuja kwa dada yake asubuhi ya siku hiyo na jezi mkononi. Ilikuwa imefumuka makwapani. Jezi zake zote zilifumukia hapo hapo.

Fundi aliigeuza, akaitazama kwa ndani. Alimpima mdogo wake kifua na mabega, na kwa mara ya kwanza alimwambia aning'inize mikono. Kisha alikaa kwenye cherehani, akashona makwapa, akashona tena juu yake, akayapunguza mpaka mkono wa mvaaji uweze kukimbia, kusukuma beki, hata kujikuna sikio ukilazimika. Zaidi ya hapo, basi.

Begi aliivaa. "Dada, inabana."

"Itakaa sawa ukitoka jasho."

"Umepunguza?"

"Umenenepa. Nenda, utachelewa."

Fundi hakuwahi kwenda uwanjani. Siku zote ilibidi abaki aifungulie shangwe milango ya kabati. Siku hiyo alifunga nyumba na kwenda. Alikaa nyuma ya mtu mwenye kofia pana, akaona nusu ya uwanja, nayo ilimtosha, maana Begi hakuwa tena na mbio za kutumia nusu ya pili.

Goli lilikuja kipindi cha pili. Beki wa kushoto alipiga krosi ya chini, mabeki wawili wakagongana, na Begi, aliyekuwa amesimama pale kwa sababu goti lilikataa kwenda kwingine, akausindikiza mpira kwa ndani ya mguu. Nyavu zikatikisika. Mikono ikaanza safari yake. Ikafika mabegani, ikavuta, ikavuta tena. Uzi ulikuwa mzuri. Mikono ikakwama pale kama ya mtu anayetaka kumkumbatia jamaa asiyemfahamu vizuri.

Shangwe nayo, ilipoona mwenyewe yupo na hajaikataa, ilibaki. Ilimshukia yote.

Begi alisimama akigeuzageuza kichwa. "Kelele ya nani hii?" alimuuliza beki wa kushoto.

"Yako, mzee."

"Yote?"

"Unadhani ya refa?"

Begi akakimbilia kibendera cha kona, akichechemea, meno yote nje. Fundi alimvua kofia mtu wa mbele, akaona vizuri.

Jioni, jezi ikiwa bado mwilini, alikaa kitandani mwa dada yake na kabati likafunguliwa. Magoli yalitoka moja moja, la zamani likilipisha la zamani zaidi. Mengine aliyakumbuka kwa uwanja, mengine kwa matope. Yalipobaki machache, aliomba milango ifungwe. Muuguzi na mjane walikuwa wameleta nguo zao tena, na yeye alikuwa ameshiba.

Wito wa kamati ya nidhamu ulifika wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti wa klabu ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa kamati. Wiki hiyo alikuwa ameuza mshambuliaji mwingine na kuwatangazia waandishi kwamba kijana katoroka. Waandishi waliandika.

Fundi alimsindikiza mdogo wake, akaketi nyuma yake akiwa na majibu yake tayari, endapo yangehitajika. Mwenyekiti alisema kushangilia mbele ya klabu iliyokulea ni utovu wa adabu, na kwamba kamati haina makuu. Neno moja tu la kuomba radhi, au kama neno ni zito, basi hata mikono.

"Mliniuza nikiwa usingizini," Begi alisema.

"Hayo yalipita," Mwenyekiti alijibu. Hakuyakanusha. "Sisi tunasubiri radhi."

Wajumbe wote waliitazama mikono ya Begi. Ilikuwa imelala juu ya magoti, na hakuna kilichoizuia. Shati alilovaa Begi, Fundi alilishona jana yake, akaliachia makwapa mapana makusudi, ili siku hii mtu asiseme kwamba ni uzi uliokataa.

"Siombi," alisema Begi.