Noah Yuko Safu ya Tatu

Jumanne baada ya chakula cha mchana, Kiragu alitundika magunia kwenye madirisha ya kibanda chake cha video pale mtaani Tuwan, akaziba tundu la mwisho la mabati kwa kipande cha boksi, akapima maikrofoni kwa kukohoa. Watu walikuwa wameshajaa mabenchi. Mvua ya Kitale ilikuwa bado inajifikiria. Filamu ya siku hiyo ilikuwa ile ya mji wenye ukuta, ambamo serikali inawapimia wananchi mkate na kuwapigia king'ora wakati wa kulala, wakati wa kuamka na wakati wa kufurahi, mpaka wananchi wanachoka wanaipindua. Kiragu alikuwa ameionyesha mara nyingi. Watu hawachoki kuona serikali ikipinduliwa, mradi iwe ya wengine.

Filamu yenyewe ilisema lugha ambayo Tuwan hakuna aliyeijali. Kiragu, DJ wa kibanda, alisimama kando ya skrini akaisema upya kwa Kiswahili, akiwa mdomo wa kila mtu, kuanzia rais hadi mbwa. Rais alimwita Mkubwa. Steringi, yaani shujaa wa filamu, mwanamke dereva wa lori la takataka, alimbatiza Jepkorir, jina la Kikalenjini kama la wakimbiaji, kwa sababu alipanda kilima kizima mbio bila kuhema. Kiragu, ambaye ukoo wake ulitoka Nyeri na huhema ukipanda kitanda, hakuona jina lingine la kumfaa.

Filamu ilipofika kwenye foleni ya mkate, Linet muuza njugu alisimama na sinia lake.

"Si huyo ni Noah wa Mama Noah?"

Kiragu alitazama. Alikuwa Noah. Alisimama safu ya tatu ya umati, ndani ya ovaroli la kijivu kama wenzake, mguu mmoja juu ya mwingine kama kuku kwenye baridi.

"Ni yeye," Kiragu alisema kwenye maikrofoni, kisha akaendelea, kwa sababu Jepkorir alikuwa ameshawasha lori.

Noah alikuwa fundi wa simu. Siku ya maandamano ya Juni alichukuliwa mbele ya duka la mbolea mjini na wanaume wanne wasio na sare, waliomwita kwa majina yake yote mpaka la babu, hata akadhani ni jamaa zake wa Ndalu. Tangu hapo mama yake, Bilha, alizunguka vituo vya Kitale, akazunguka vya Bungoma, akapita Lugulu kwa kuwa jirani aliota amemwona huko. Kila mahali aliambiwa hakuna mtu kama huyo. Wengine walimwambia kwa upole, wengine wakitafuna.

Linet alitoka mbio kumwita sokoni. Kazi ya Bilha ni kuwachambulia wafanyabiashara maharagwe, na katika miaka yote ya kazi hiyo hakuna jiwe lililowahi kumponyoka. Aliingia kibandani akiwa bado na ungo mkononi. Umati wa ndani ya filamu ulikuwa watu maelfu. Alimwona kabla hajakaa.

"Amekonda," alisema.

Walimsogezea nafasi. Akakaa, akatazama filamu yote, mpaka ikafika kwenye daraja.

Filamu za aina hii zote zina daraja. Waasi wanalikimbilia, wanajeshi wanapiga risasi, safu za mbele zinaanguka, za nyuma zinapita juu yao, lango linavunjika, Mkubwa anatolewa nje akiwa na slipa zake. Steringi hafi. Hilo kila mtoto wa Tuwan analijua kabla ya kujua kusoma. Lakini Noah hakuwa steringi. Alianguka kabla Jepkorir hajafika hata katikati, na kwa vile kamera ilikuwa na shughuli ya kumfuata Jepkorir, kilichoonekana cha Noah ni kiatu.

Bilha alikaa mpaka majina yakamaliza kupanda. La mwanawe halikuwemo.

"Rudisha nyuma," alimwambia Kiragu.

Kiragu alirudisha. Noah akasimama tena safu ya tatu, mzima, mguu juu ya mguu. Bilha akaelewa mambo yalivyo.

"DJ, kesho usifike kwa daraja."

"Mama Noah, watu wanakuja hapa sababu ya daraja."

"Najua. Usifike."

Kiragu hakufika. Kesho yake, Jepkorir alipopiga gia kuelekea darajani, Kiragu alizima mashine ya video, akawasha taa, akasema, "Basi, ni hapo." Watu walitazamana. Kisha wakamtazama Bilha, wakaokota kofia zao, wakaenda.

Wiki hiyo hiyo Bilha alikwenda kituo cha polisi kusema kwamba amempata. Askari wa zamu aliitwa Cheruiyot, na alikuwa mtu wa kumpa mgeni kiti. Alisikiliza, akavaa kofia, akafuatana naye hadi Tuwan, akakaa benchi la nyuma na njugu za Linet, ambazo hakuzilipia kwa kuwa alikuwa kazini. Foleni ya mkate ilipofika, Bilha akaonyesha kwa kidole. Cheruiyot alilinganisha na picha aliyopewa.

"Ni yeye kabisa. Hata kusimama ni kwake."

"Sasa mtamtoa?"

"Kumtoa wapi, mama? Wewe ulikuja ukasema kijana amepotea. Mtu amepotea haonekani. Huyu anaonekana kila siku mchana, na Jumapili mara mbili. Hiyo kesi tumefunga."

"Na waliompeleka huko ni akina nani?" Kiragu aliuliza. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni, na wakati huo aliyekuwa amefungua kinywa kwenye skrini ni Mkubwa, kwa hiyo swali likatoka kama la Mkubwa.

Cheruiyot alimgeukia Mkubwa, akasimama wima.

"Hiyo waulizwe watu wa sinema, mheshimiwa," alijibu, akakung'uta maganda ya njugu magotini, akarudi kazini.

Habari ilifika Bungoma. Mwanamke aitwaye Peris alikuja kutoka huko akiwa amevaa nguo ya kanisani, akasema anamtafuta binti yake, Gladwell, ambaye pia alichukuliwa Juni. Bilha alikaa naye, akamchambulia umati wote safu kwa safu, hata wapishi wa ikulu, hata maiti. Gladwell hakuwemo.

"Afadhali," Peris alisema.

Walikunywa chai ya Linet. Ilipobaki machicha, Peris akasema, "Si afadhali," akaenda kupanda gari la Bungoma.

Vijana walianza kunung'unika. Kipkirui wa bodaboda ndiye aliyekuwa na mdomo.

"Kwani DJ, hii ni filamu ama ni baraza la chifu? Kila siku tunaitwa, tunaongeleshwa, hakuna kitu inafanyika!"

"Ukitaka imalizike," Linet alimjibu, "nenda wewe usimame safu ya tatu, Noah atoke."

"Mimi? Na nani atalipia pikipiki?"

"Basi kula njugu unyamaze, bana."

Wakanyamaza, wakaendelea kuja. Hakukuwa na kibanda kingine karibu, halafu mtu akishazoea kutomaliza kitu, anapata namna ya kukaa nacho.

Shida ya kuikatiza filamu kila siku kabla ya daraja ni kwamba serikali ya humo ndani nayo ilizoea. Zamani Mkubwa alikuwa na sehemu moja ambapo anachungulia dirishani, jasho linamtoka. Kufikia Agosti jasho lilikuwa limeisha. Alichungulia, akapiga miayo, akaongezewa chai. Mkate ukawa nusu, halafu robo, na robo yenyewe ikawa inatolewa pamoja na hotuba. Ukuta uliongezwa matofali. King'ora cha kufurahi kiliongezwa, vikawa viwili. Jepkorir aliacha kukimbia. Alipanda kilima akitembea, akishika kiuno, na siku moja alikuja kwenye sehemu yake ya hotuba akiwa amevua viatu, akijikanda nyayo. Hotuba ile Kiragu aliijua kwa moyo, moto mtupu, ilikuwa inawafanya watu wapige mabenchi. Alitazama nyayo zile, akasema kwenye maikrofoni, "Watu wangu, mko sawa?" Umati wa ndani ukatikisa kichwa kwamba hauko. Watazamaji nao wakatikisa.

Bilha alikuja kila mchana. Alileta ugali na mboga ya mrenda kwenye bakuli lenye kifuniko, akaliweka chini ya skrini upande wa safu ya tatu. Jioni Kiragu aliukuta ugali umepoa, akaula yeye, baada ya kuomba ruhusa. Ovaroli lilizidi kumpwaya Noah. Halafu, kwenye foleni, mwanajeshi mmoja alimzaba kofi. Kofi hilo halikuwepo kwenye filamu. Bilha alisimama. Kesho yake Noah akazabwa tena, pale pale, shavu lile lile, kwa sababu sasa lilikuwa sehemu ya filamu.

Bilha aliangalia kofi lile mpaka Septemba ikaisha. Siku moja alikuja mapema, Kiragu akiwa bado anafagia maganda.

"DJ. Leo wacha iende."

Kiragu aliegemeza ufagio.

"Una uhakika?"

"Sina. Wacha iende. Lakini akifika darajani umwite, umwambie alale chini. Umwite mara mbili. Mara ya kwanza huwa anajifanya hajasikia. Ni vile tu yuko."

"Mama Noah, mimi nasema tu juu ya picha. Sijawahi kuambia mtu wa ndani kitu akafanya."

"Si kila siku unaambia Jepkorir akimbie?"

"Huyo alikuwa anakimbia tu, hata bila mimi."

"Na akaacha ulipoacha kumwambia."

Kiragu alimaliza kufagia. Alitundika magunia.

Kibanda kilijaa hadi mlangoni, kwani Linet hakuumbwa kutunza siri. Foleni ikapita, kofi likapita. Jepkorir alipofika mahali ambapo taa huwashwa, alisita, akatazama huku na huku kama mtu aliyefika kazini akakuta geti liko wazi. Kiragu alivuta pumzi.

"Kimbia, dada! Leo ni leo!"

Jepkorir alivaa viatu akakimbia. Umati ukanyanyuka, wengine wakishika migongo, wakamfuata darajani. Wanajeshi walikuwa wamelegea, waliinua bunduki kwa kuchelewa, lakini waliinua.

"Noah!" Kiragu aliita.

Noah alijifanya hajasikia.

"Noah! Lala chini!"

Noah aligeuza shingo. Mdomo wake ulisema kitu kifupi, na kwa mara ya kwanza Kiragu hakujua atie maneno gani. Bilha ndiye aliyesema, kutoka kwenye benchi, "Anasema 'nini?' Mwambie ni mimi."

"Ni mama yako! Lala chini!"

Noah akalala. Risasi zilipita juu yake zikawapata wa safu ya nne, ambao nao walikuwa watoto wa watu. Aliinuka, akajifuta magoti, akavuka daraja. Lango likavunjika. Mkubwa akatolewa akiwa na slipa zake. Mikate ilirushwa kutoka madirisha ya ikulu, na Noah akadaka mmoja mzima, akauma, akatembea na wenzake kuelekea upande wa kulia wa skrini, akatafuna, akatoka.

Hakuna aliyepiga benchi. Kipkirui, aliyeudai mwisho huo miezi yote, alivua kofia. Bilha aliinuka akahamia upande wa kulia wa kibanda kumwangalia anakoelekea. Hapo palikuwa na ukuta wa mabati.

"Rudisha nyuma," alisema.

Kiragu alirudisha. Safu ya tatu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na waliokuwa kushoto na kulia hawakuijaza. Alirudisha tena. Mwanajeshi kwenye foleni aliinua mkono, akakosa shavu, akaushusha.

"Naona amebaki kule baada ya mwisho," Kiragu alisema.

"Baada ya mwisho kuna nini?"

"Sijui, mama. Hizi filamu hazijawahi kuonyesha."

Asubuhi yake Kiragu alimsindikiza Bilha kituoni. Cheruiyot alimpa Bilha kiti, akamuuliza kuhusu mahindi ya mwaka huu, akasikiliza yote.

"Sijaelewa," alisema. "Si walishinda?"

"Walishinda. Lakini sasa haonekani. Ulisema mtu asiyeonekana amepotea. Nataka muifungue hiyo kesi, mniambie ni nani walimchukua pale kwa duka la mbolea."

Cheruiyot alifikiri. Alikuwa anafikiri kweli, paji la uso lilionyesha.

"Mama, tukiifungua, kazi yetu ni kumtafuta. Tukimtafuta, tutampata, tukimpata itabidi tumlete hapa." Alionyesha kwa kidole sakafu, dawati, mlango wa seli nyuma yake. "Unataka tumlete hapa?"

Dirisha lilikuwa wazi. Uani kijana mwenye misuli, asiye na sare, alikuwa anaosha gari, akipiga mluzi, anasugua mahali pa kuwekea namba, mbele na nyuma, ambapo hapakuwa na namba. Aliona anatazamwa, akatabasamu, akamwamkia Bilha kwa adabu nzuri ya nyumbani.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama," Bilha alisema.

Akamgeukia Cheruiyot.

"Mwacheni huko."

Cheruiyot alishusha pumzi, akamshukuru. Alisema kama wazazi wote wangekuwa waelewa namna hiyo, kazi ya polisi ingekuwa rahisi sana, akainuka mwenyewe kumfungulia mlango.