Maombi Yaliyokosa Amina

Ijumaa asubuhi Dorca alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya wavu wa kuanikia, chini kidogo ya barabara inayopanda kwenda Kombewa, wakati hema la mheshimiwa lilipoanza kusimamishwa mbele ya kioski cha maji. Kioski hicho kilikuwa na rangi ya buluu, mifereji minne na kufuli kubwa. Maji hayakuwahi kupita humo. Kilikuwa kimeshakatiwa utepe na kuombewa, na sasa kilikuwa kinaombewa tena kwa sababu uchaguzi ulikuwa umekaribia.

Dorca hakuwa na shida na maombi. Shida yake ilikuwa kiboko. Kwa vile mifereji ilikuwa mikavu, watoto walichota maji ziwani, kwenye uwazi ulioko kati ya matete, na kiboko mmoja dume alikuwa ameizoea njia hiyo. Alikuwa amemvunja mvulana wa jirani nyonga. Kila Atieno, binti yake wa miaka tisa, alipochukua mtungi, Dorca aliacha alichokuwa akifanya akatega sikio mpaka mtoto arudi. Katika nyumba hiyo uji uliungua mara nyingi.

"Leo tuombe tu paipu ifike," alisema Mercyline, jirani yake, walipokuwa wakitafuta viti.

"Wewe omba. Mimi nasikiliza maji."

Mheshimiwa Dalmas Oyugi, mwakilishi wa wadi hiyo, hakumwachia mchungaji maikrofoni. Alipenda kuomba mwenyewe, kwa sababu aliomba vizuri na alionekana vizuri akiomba. Watu wake walimtandikia kitambaa, akapiga magoti mbele ya kamera.

"Tufumbe macho," alisema.

Aliomba kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Aliombea ziwa, vijana, akina mama na kioski. Alipofika mwisho alisema, "Katika jina la Yesu tumeomba na kuamini," na watu wakangoja. Amina haikutoka. Mdomo wake ulifunguka, ukasema, "Na tena Baba tunakuomba," akaanza upya.

Watu walivumilia, maana wakubwa huomba kwa muda mrefu. Baadaye wali ukapakuliwa. Viti vikarudishwa kwa mwenyewe. Mheshimiwa alikuwa bado amepiga magoti, amefumba macho, anaombea barabara.

Mercyline alimjaribu. "Bwana asifiwe, Mheshimiwa!"

"Asifiwe Baba, asifiwe juu ya wadi hii, juu ya madaraja yake, juu ya soko lake..."

"Amina imekwama," alisema Mercyline. "Kama zipu."

Watu wake walimpakia kwenye gari akiendelea, wakampeleka kwake Milimani, mtaa wa matajiri mjini. Huko aliomba wiki nzima. Jirani yake wa huko, Bwana Bhavin, aliuliza kwa heshima kama maombi hayo yangeweza kuelekezwa upande ule mwingine wa nyumba. Mwishowe mke wa mheshimiwa alimrudisha ziwani, pamoja na kofia, shati la kubadilisha na chupa ya uji.

"Alianzia kwenu," aliwaambia akina mama. "Akimaliza mnipigie simu."

Walimweka kwenye kiti cha plastiki kando ya matete, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli. Jioni hiyo watoto walipoteremka na mitungi, kiboko alikuwa anakula majani. Alisikia sauti, akalaza masikio, akaondoka zake taratibu kama mtu aliyemwona mhubiri anayemjua. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Basi mheshimiwa akawa anashushwa ukingoni mwa maji asubuhi na jioni, wakati wa kuchota. Akina mama walipokezana kumnywesha uji katikati ya sentensi. Dorca alimpa kidogo kidogo, sauti isikatike.

Maneno makubwa ndiyo yalimwishia kwanza. Baada ya hapo yakabaki yale ya kawaida.

"Baba," aliomba siku moja, akina mama wakifua, "ile paipu ilinunuliwa. Iko kwangu Milimani. Inamwagilia nyasi, na yale maua ya mke wangu."

"Nyasi tulijua," alisema Mercyline, akikamua shuka. "Hayo maua ndiyo mapya."

Dorca alidhani sasa Amina itatoka. Akasogea na kikombe. "Sasa Mheshimiwa, si uombe irudishwe?"

"Baba, wewe unajua vile nyasi ya Milimani hukauka haraka..."

Dorca akampa uji.

Lakini sauti ya mtu huisha. Mama yeyote aliye na mtoto karibu na maji aliweke hilo moyoni. Jioni moja sauti ya mheshimiwa ilikwaruza, ikawa mnong'ono, halafu ikawa pumzi tu. Dorca alikuwa juu, akikusanya omena. Alisikia ukimya, akatupa ungo, akakimbia.

Atieno alikuwa ndani ya maji hadi magotini, ameinamia mtungi. Hatua chache mbele yake maji yalipasuka, kiboko akatoa pumzi. Mheshimiwa, macho bado ameyafumba, hakuona kitu. Alisikia pumzi ile, na akasikia mtungi wa mtoto ukibubujika.

"Nyasaye," alisema kwa sauti ya kukwaruza, kwa lugha aliyosema na mama yake akiwa mdogo. "Nyathini. Nyathini." Mungu, mtoto huyu. Mtoto huyu. Hakuwa na neno lingine.

Kiboko alisimama, maji yakimchuruzika mgongoni. Alitazama kiti. Kisha akageuka, akazama. Atieno alijaza mtungi, akaufunga kifuniko, akatoka.

"Amina," alisema mheshimiwa, na macho yake yakafumbuka.

Dorca alikuwa tayari amemshika binti yake mkono.

"Ni wa nani?" aliuliza mheshimiwa.

"Wangu."

"Anaitwa nani?"

"Atieno. Na paipu inakuja lini?"

 Mheshimiwa akaomba simu ampigie mke wake.

Paipu haikuja. Waliopita Milimani walisema nyasi ilikuwa kijani kama zamani. Ila Jumatatu iliyofuata, kabla ya shule, gari lilisimama juu barabarani na mheshimiwa akateremka peke yake, kwa kandambili, bila kamera. Aliwauliza watoto majina yao, mmoja mmoja. Jina moja alilikosea, mtoto mwenyewe akamrekebisha, akalirudia mpaka likakaa vizuri mdomoni. Ndipo akaketi kando ya matete.

"Tufumbe macho," alisema polepole.

Yalikuwa maombi mafupi, majina tupu, na Amina ilitoka yenyewe. Kiboko alibaki ng'ambo. Watoto wakaingia majini na mitungi yao.

Dorca alifumba jicho moja. Lile lingine aliliacha kwenye maji.