Hukumu ya Pedali ya Kijani

1.

MAONI YA WATAZAMAJI

— Mzee Deus, leo gitaa linachoma kama sindano!
— Punguzeni ukali jamani, mtoto kaamka.
— Au masikio yameanza kuchoka? Natania tu mzee, shikamoo.

2.

Maoni hayo yaliandikwa chini ya video ya Deusdedit Mkude. Tangu ujana wake alipiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi, na jukwaani nafasi yake ilikuwa kando ya matoazi ya dramu. Sasa alikuwa na kipindi mtandaoni, kikirekodiwa sebuleni kwake Kihonda, Morogoro. Kazi ilikuwa kulinganisha amplifaya na pedali, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha mlio wa gitaa. Zawena, mpiga besi wa bendi yao ya mwisho, alipiga. Deusdedit alifumba macho, akasikiliza, akahukumu.

Alichokisifu, watu walikitafuta. Alichokinyamazia kilibaki dukani.

3.

"Kaka Deus, punguza sauti nyembamba," Zawena alisema.

"Nimeshapunguza."

"Umeongeza."

Akakitazama kitufe.

Kweli.

4.

KLINIKI YA MASIKIO
TANGAZO KWA WAGONJWA WOTE
MGONJWA AKIITWA MARA MBILI BILA KUITIKA ATARUDISHWA MWISHO WA FOLENI.

Alirudishwa.

5.

Daktari alikuwa binti, sawa na kitinda mimba wake.

"Sauti nyembamba zimekwenda, baba."

"Zitarudi?"

"Hapana."

"Na hizi zilizobaki?"

Binti akapanga kalamu zake mezani, akazipanga upya. "Kifaa kitakusaidia kuwasikia watu. Muziki nao utausikia, ila hautakuwa..."

Deusdedit alingoja amalizie.

6.

Kwanza iliondoka s. Kisha sh. Kisha f.

Mkewe alimwita mezani: "Baba Lidya, njoo ule,  amaki wanapoa."

Alicheka. Mkewe akamuuliza anacheka nini, naye akasema hakuna kitu, akala.

7.

Wewe unayesoma, ungewaambia watazamaji? Una kazi moja na jina moja, na vyote viwili vinaning'inia masikioni mwako. Ungewaambia lini?

Yeye alisema kesho.

Kesho.

Kesho

8.

Pedali ya kijani ilitoka Tukuyu. Ambakisye, fundi redio, aliitengeneza kwa mkono wake, akaituma na ujumbe mfupi: *Mzee, hukumu bila kunionea huruma.*

Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Zawena akapiga kupitia ya kijani. Akapiga kupitia ya dukani. Deusdedit, macho yamefumbwa, alisikia kitu kama redio ya jirani nyuma ya ukuta, kisha redio ileile.

"Hazina tofauti," aliiambia kamera.

Zawena akamkodolea macho. Mlio wa ile ya kijani ulikuwa umeng'aa hadi ukamsisimua mwili.

9.

MAONI YA WATAZAMAJI

— Mkweli pekee mtandaoni ni huyu!
— Nilikuwa nimeitaka ya kijani. Basi.
— Basi.
— Heshima kwako mzee.

10.

"Kaka Deus, ulisikia nini jana?"

"Nilisema nilichosikia."

"Sikukuuliza ulichosema."

Simu yake ikaita kabla hajajibu. Ni Ambakisye.

"  ikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

" ina ugomvi na wewe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kweli huku ikia to auti yoyote?"

Aliikandamiza simu sikioni, akiokoteza maneno na kuyaunga.

"Ambakisye, mwanangu, mimi..."

"Ba i, mzee. Nilikuwa nauliza tu. Narudi kwenye redio za watu."

Laini ikakatika. Au kijana alikuwa bado anasema. Deusdedit aliendelea kuishika simu.

11.

Siku iliyofuata alirekodi video nyingine. Hakuchana nywele. Alisema: "Mimi Deusdedit Mkude sisikii vizuri tena. Ile pedali ya kijani niliidhulumu. Hukumu yangu ifuteni."

MAONI YA WATAZAMAJI

— Yule wa Tukuyu ameshamkatia chake.
— Mzee naye kanunuliwa. Inasikitisha.
— Sisi tunabaki na ile ya kwanza.

Ile ya kwanza ilikuwa inasambaa kwenye makundi ya wanamuziki, Mbeya yote. Alimpigia Ambakisye. Simu iliita, au haikuita.

12.

Jioni, kamera imezimwa.

"Dada Zawena, hebu piga zote mbili."

"Ya nini tena, Kaka Deu ?"

"Wewe piga."

Zawena akavaa gitaa. Deusdedit akakaa kwenye stuli, akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa sikio lililokuwa na nafuu. Palikuwa na kitu kule mbali, kinakuja, kinapita. Akasubiri. Akasubiri zaidi.

"Umeshabadilisha?"

Zawena alijibu. Deusdedit, macho yamefumbwa, akaendelea kusubiri.