Safu Iliyopimwa Ikiwa Tupu

Khalayi alikuwa akimimina chai chumbani kwake mtaani Amalemba picha ilipoingia kwenye simu. Ilitoka kwa Sista Risper, muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ndogo ya binafsi mjini Kakamega, na chini yake ameandika: "Karatasi ya leo imeingia vizuri kwa ukurasa mmoja. Ubarikiwe."

Programu iliyotoa karatasi hiyo ilikuwa ya Khalayi. Kila asubuhi ilichukua habari za wagonjwa, ikazipanga kwenye jedwali la Excel kwa msaada wa maktaba ya msimbo, yaani amri zilizoandikwa tayari na watu wengine, aliyoipata mtandaoni, na wauguzi wakalichapisha. Jana yake alikuwa ameirekebisha kidogo.

Akaikuza picha ili aifurahie kazi yake. Safu ya "Dawa/Mzio" ilikuwa nyembamba mno. Kwenye mstari wa Shikanga, mkata miwa wa Butali aliyejikata mguu kwa panga, kuliandikwa: "Hana mzio".

Khalayi akafungua laptopu, akatafuta kumbukumbu zenyewe. "Hana mzio ila wa penisilini."

Jana, alipokuwa akiupanga msimbo upya, aliiweka amri ya kupima upana wa safu kabla ya amri ya kujaza data. Maktaba ikapima kichwa cha safu peke yake, maana hapakuwa na kingine cha kupima. Na kwa kuwa kisanduku cha jirani kilikuwa na maandishi, maneno yaliyozidi hayakupata pa kumwagikia. Yalifichwa kimya kimya.

Akampigia Risper. Simu iliita hadi ikakatika. Wakati wa kugawa dawa wauguzi huziacha simu kwenye droo.

Alitoka mbio na ndara zake. Mvua ilikuwa imeshaanza, na mwendesha boda aliyemkuta amejikinga kibandani alitikisa kichwa.

"Siendi, madam. Si unaona hii mvua?"

"Kuna mtu atakufa!"

Mtu yule alimtazama usoni mara moja tu, akawasha pikipiki.

Khalayi alipofika mlangoni mwa wodi, alimsikia Nekesa, mke wa Shikanga, akiuliza kwa sauti ya kutetemeka, "Sista, mbona midomo yake inafura?"

"Penisilini!" Khalayi alipiga kelele. "Ana mzio wa penisilini!"

Bomba la sindano mkononi mwa Risper lilikuwa tupu. Alimwita daktari kwa ukelele, akakimbilia trei ya dharura, akamdunga Shikanga adrenalini pajani. Pumzi ya Shikanga ilikuwa ikitoka kwa mluzi mwembamba, macho yamemtoka. Khalayi aliganda ukutani, maji yakimchuruzika, akiusikiliza mluzi ule kwa hofu kwamba utakoma. Polepole ukalegea, ukawa kikohozi.

"Nilisema mwenyewe pale mapokezi," Nekesa alisema. "Nilisema kwa mdomo wangu."

"Waliandika, mama," Khalayi alisema. "Karatasi ndiyo iliyokata maneno, na karatasi ni yangu mimi."

Programu ileile ilitumika pia katika zahanati moja ya Mautuma. Khalayi akapiga simu huko. Walizikusanya karatasi zote. Hakuna aliyekuwa amedungwa.

Alipogeuka, Nekesa alikuwa amesogeza benchi kando ya kitanda.

"Keti," alisema bila tabasamu. "Utamwangalia pamoja nami."

Khalayi akaketi, macho kwenye kifua cha Shikanga, kikipanda na kushuka.